Dashibodi ya gari la zamani imepasuka: ununue nini?

Gari la zamani linaweza kupakwa rangi upya, likang'arishwa kromu na kushonewa viti vipya, lakini ukifungua mlango jicho linakwenda moja kwa moja kwenye ufa ulio juu ya dashibodi. Bidhaa za kuuficha ufa huo ni nyingi, na kila moja kwenye picha inaonekana nzuri. Hapa nimezipanga kuanzia ile ambayo ningeinunua kwanza. Naziuliza maswali mawili tu: itadumu, na ikishindwa itaniachia dashibodi ambayo bado inatengenezeka?

Ni vyema kujua kwanza kinachopasuka. Dashibodi yenye pedi ina tabaka tatu: kiunzi cha bati au plastiki, sponji, na juu yake ngozi ya vinaili, yaani plastiki laini inayoiga ngozi. Gari la Tucker la 1948 lilikuwa na pedi tayari, na Marekani ilipoanza kutumia kanuni namba 201 ya kumkinga abiria anapogonga sehemu za ndani ya gari, Januari 1968, pedi zikaenea zaidi. Vinaili hulainishwa kwa kemikali ambazo joto na jua huzitoa kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Watafiti wa Arizona State University walipima mwaka 2018 magari yaliyoachwa juani saa moja tu wakati wa kiangazi, na dashibodi zilifika wastani wa nyuzi 69 za Selsiasi. Ngozi ikikauka hivyo husinyaa, kiunzi hakisinyai, basi inachanika pale penye udhaifu: kwenye kona za matundu ya hewa, juu ya spika, ukingoni mwa mita. Ufa mmoja unaouona maana yake ngozi nzima inavutana.

Kabla ya kununua chochote, bonyeza kwa kidole kandokando ya ufa. Sponji ikirudi, una nafasi ya kuchagua. Ikivunjika chini ya kidole kama biskuti, nusu ya orodha hii haikuhusu, kwa sababu hakuna kitakachoshika juu ya unga.

Ya kwanza ni pedi mpya iliyotengenezwa kwa mfano wa ile ya kiwandani, kama gari lako ni la aina iliyobahatika. Mustang na Camaro za miaka ya 1960 zinazo. Magari mengine mengi hayana. Hapa unaondoa ugonjwa wote na kufunga kitu kizima. Tatizo huwa ni vipimo. Iweke mahali pake bila gundi wala skrubu, angalia matundu ya skrubu na pengo la kioo cha mbele, halafu ndipo upake rangi. Ukishaipaka, hakuna muuzaji atakayekubali kuirudisha.

Ya pili, na kwa gari adimu ndiyo ya kwanza, ni kuvalishwa ngozi mpya na karakana ya kazi hiyo. Wanavua ngozi ya zamani, wanajenga upya sponji iliyokufa, kisha wanapasha moto shuka la vinaili na kulivuta kwa pampu ya kunyonya hewa hadi likumbatie kila mkunjo. Ni kazi ghali, na gari litakaa bila dashibodi kwa muda mrefu. Uliza mambo matatu: kama chapa ya ngozi, yaani ule mkwaruzo wake wa juu, itafanana na ya awali, kama sponji iliyooza inabadilishwa au inafunikwa tu, na dhamana inahusu nini hasa. Jibu la swali la pili ndilo litakalokuambia kama ni mafundi kweli.

Fundi mzuri wa viti namweka wa tatu. Anaweza kuvalisha dashibodi ngozi halisi au vinaili ya kushonwa, na kwenye dashibodi iliyonyooka matokeo hupendeza mno. Kwenye mikunjo inayokwenda pande mbili kwa pamoja lazima kuwe na mshono, na mshono usiokuwepo kiwandani hubadilisha sura ya gari. Wapo wanaoupenda, mimi siupendi kwenye gari linalotunzwa kwa uhalisia wake. Sisitiza gundi inayostahimili joto kali, maana gundi ya kawaida huachia kwanza kwenye mabonde ya karibu na kioo.

Gamba gumu la plastiki ya ABS linalobandikwa juu ya pedi ndilo watu wengi hununua, na sioni ajabu. Linafungika siku moja, na kwa mbali hudanganya macho. Lakini linabandikwa kwa silikoni, na siku ukilibandua litaondoka na ngozi ya zamani pamoja na sponji. Ni uamuzi wa mara moja. Kingo za ufa zilizojikunja juu lazima zikatwe kwanza, la sivyo gamba litakaa kwenye vilima. Hakikisha lina nafasi ya namba ya chesesi kama gari lako huionyesha kupitia kioo cha mbele, na kwamba halizibi matundu ya hewa ya kuondoa ukungu. Kwa gari lenye mfuko wa hewa wa abiria ndani ya dashibodi, usibandike kitu chochote juu ya kifuniko chake.

Kifuniko cha kitambaa au zulia kinachekwa sana, na kina haki ya kutetewa. Hakitengenezi chochote, lakini kinazuia jua lisiendelee kuharibu, kinapunguza mng'ao kwenye kioo, na kinatoka bila kuacha alama. Kama bado unakusanya fedha za kazi kubwa, nunua hiki, si gamba. Chagua kilichokatwa kwa modeli yako na kinachoshikwa kwa vibandiko vichache.

Mwisho kabisa naweka puti laini na rangi ya vinaili. Kwa ufa mfupi juu ya sponji nzima inafaa: toboa kishimo kidogo mwisho wa ufa usiendelee, panua ufa, jaza, piga msasa, rudisha chapa, paka. Kama dashibodi imekuwa ikisuguliwa kwa dawa za kung'arisha zenye silikoni, isafishe mara kadhaa, kwani rangi hukimbia mafuta hayo na kuacha vitobo. Kwenye ufa mrefu ni kupoteza muda. Puti itashika, na ngozi itachanika pembeni yake.

Dashibodi ya mtumba sikuipa nafasi. Ina umri uleule, imepigwa na jua lilelile, na mara nyingi hupasuka wakati wa kung'olewa au kusafirishwa. Inunue tu kama kiunzi chako kimevunjika, na hesabu ngozi yake kuwa imekwisha.