Duka la pembejeo Ngarenanyuki: mzigo upo, ila dawa wanapima kwenye chupa za maji

Natoa nyota 2 kati ya 5, jina la duka naliacha. Mzigo kweli upo, mbegu za nyanya, mbolea, mabomba ya kupigia dawa, na kantangaze (yule mdudu anayetoboa nyanya) ikiingia shambani dawa hukosi, bei nayo haiumizi. Shida yangu ni moja na ni kubwa, mtu akija na hela kidogo hawamuuzii chupa ndogo yenye sili, wanafungua ya lita wanampimia kwenye chupa ya maji ya kunywa, lebo hakuna, anaambiwa tu kifuniko kimoja kwa bomba, basi.

Jirani yangu kanunua hivyo hivyo, kijana wake akapiga dawa mchana jua kali bila glavu wala barakoa, jioni jasho linamtiririka, mate yanamjaa mdomoni, anatapika, misuli ya mashavu inachezacheza yenyewe. Tumemfikisha kituo cha afya swali la kwanza la nesi ni katumia dawa gani, na sisi tuna chupa ya maji mkononi! Daktari akammulika machoni akakuta mboni zimekuwa vinukta, akajua ni zile za organofosfeti, yaani dawa za wadudu zinazovuruga neva, akaanza atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, anarudiarudia mpaka majimaji ya kifuani yakakauka. Kijana mzima sasa, Mungu ashukuriwe. Ila rejista imeandikwa sumu ya shambani, ikaishia hapo.

Na hapo ndo pananiuma, maana Tanzania tumo kwenye Mkataba wa Rotterdam, ule wa kimataifa wa biashara ya kemikali hatari, nchi kama yetu ina haki ya kupeleka taarifa kwamba dawa fulani inaumiza wakulima ili ijadiliwe kimataifa, lakini fomu inataka jina la dawa, kiambato chake na ilivyotumika. Chupa ya maji utaiandikaje? Na huyo ni aliyefika kituoni, wengi kichwa kikigonga na macho kuwasha wanakunywa maziwa wanalala, na maziwa hayaondoi hiyo sumu jamani.

Mkienda pale dai yenye sili, tafuta namba ya usajili ya TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), angalia utepe wa rangi kwenye lebo, nyekundu ndo hatari zaidi, halafu njano, bluu, kijani. Mtu akizidiwa nendeni na chupa yenye lebo hospitali.

Bosi wa duka kama unasoma hapa, leta zile za mls 100, wateja tupo, nami nitarudi kuongeza nyota.