Tulimlipa mwanajeshi mstaafu aje kukagua bweni letu

Mzazi mmoja aliuliza kwenye mkutano wa Februari: "Mwalimu, usiku ufunguo wa mlango wa nyuma wa bweni huwa na nani?" Nikamjibu uko na matroni. Akauliza matroni analala wapi. Analala jengo la pili, ng'ambo ya uwanja. Wiki iliyofuata tukampigia Afande.

Mimi ni naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya bweni, kaunti ya Machakos. Huku kwetu Kyanguli haihitaji kuelezwa. Machi 2001 wavulana 67 wa shule hiyo walikufa kwa moto bwenini, mlango mmoja umefungwa, madirisha yana nondo. Septemba 2024 ikawa Hillside Endarasha kule Nyeri, watoto 21.

Afande alikuwa sajini katika kikosi cha wahandisi wa jeshi. Baada ya kustaafu alianzisha kampuni ndogo ya ushauri wa kujiandaa kwa dharura, yeye na kijana mmoja wa kumsaidia. Wawili waliokuja kabla yake walianza kutuuzia mitungi ya kuzimia moto hata bwenini hawajafika. Yeye hakuwa na cha kuuza. Alikuja na tepu, saa na daftari.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kupima. Mwongozo wa usalama shuleni wa Wizara ya Elimu, wa 2008, unataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, njia isiyopungua mita 2, mlango wa upana wa futi 5 unaofunguka kwa nje, na madirisha yasiyo na nondo. Mwongozo huo uko kabatini mwangu na nimeusoma. Lakini sikuwahi kuusikia hivi, mtu ameinama kati ya vitanda vya watoto wangu anasoma tepu kwa sauti: "Sentimita 64, Mwalimu." Anasogea. "Sitini na moja." Hakuruka kitanda hata kimoja.

Usiku wa pili tukafanya zoezi. Watoto walikuwa wameambiwa mchana kwamba wiki hiyo kutakuwa na zoezi la kutoka, ila siku haikutajwa. Hakutaka moshi wa kuigiza wala kelele za kuwatisha. Saa tisa usiku akapuliza filimbi. Wote wakakimbilia mlango wa mbele. Matroni akavuka uwanja na ufunguo, mikono inatetemeka, akakosea tundu mara mbili. Ilipita dakika 6 na sekunde 40. Orodha ya majina ilikuwa ofisini, ofisi imefungwa. Afande akaniuliza wako wangapi. Nikasema 112. Tukahesabu, 110. Wawili wa Gredi ya 4 walikuwa bado wamelala.

Hakumfokea mtu. Aliingia akawaamsha taratibu, akawatoa kwa mikono.

Tatizo letu la miaka yote ni kwamba mlango ukiachwa bila kufuli, wezi wanaingia na watoto wanatoroka. Nilidhani atatuambia tuchague. Akashauri komeo la ndani lisilo na ufunguo, pamoja na kengele inayolia mlango ukifunguliwa usiku. Fundi wa kuchomelea alimaliza kazi hiyo kwa siku moja. Vitanda 18 tukavihamishia darasa lililokuwa tupu. Kila mtoto mkubwa sasa ana wadogo wawili wa kuwaamsha, na nakala ya orodha inalala kwa mlinzi langoni. Mahali pa kukusanyika palikuwa kando ya jiko lenye gesi, tukapahamisha.

Yapo ya kumlaumu. Ripoti ilichelewa wiki tatu, ikaja kurasa 40 za Kiingereza zilizojaa vifupisho vya kijeshi. Mpishi, matroni na mlinzi ndio wanaoihitaji zaidi, na ilinibidi niwaandikie mwenyewe kwa Kiswahili. Akichukua kazi za shule, hilo alirekebishe. Ziara ya pili inalipiwa peke yake, na hilo nililijua baadaye. Pia ukaguzi wake hauchukui nafasi ya ule wa kila mwaka unaotakiwa na kanuni za moto za 2007, ambao lazima ufanywe na mkaguzi aliyeidhinishwa. Hilo alitwambia mwenyewe siku ya kwanza, na ndipo nilipoanza kumwamini.

Shule yoyote ya bweni ningeiambia imwite, au imtafute mwingine wa aina yake, mradi akubali kuja usiku. Mchana kila bweni linaonekana salama.

Mei tulirudia zoezi, saa tisa ile ile. Dakika 1 na sekunde 55, watoto 112, na wale wawili wa Gredi ya 4 walikuwa kati ya wa kwanza kutoka. Yule mzazi alikuja Jumamosi yake. Sikumweleza kitu. Nilimpeleka mlango wa nyuma, akausukuma kwa mkono mmoja, ukafunguka, kengele ikalia.