Kompyuta Mpya, Programu ya Zamani: Ununue Nini Hapa Malindi?

Kama kazi yako inategemea programu ya zamani, usiingie duka la kompyuta ukiuliza bei kwanza. Jiulize wewe: programu yangu ilitengenezewa Windows gani, na je, inazungumza na mashine nyingine kwa waya? Majibu hayo mawili ndiyo yatakayoamua ununue nini.

Malindi tuko wengi wenye shida hii. Kuna mafundi wanaodarizi kofia na kanzu kwa mashine zilizokuja na diski ya Windows XP. Kuna wenye nyumba za wageni ambao hesabu zao za miaka mingi zimo ndani ya programu isiyouzwa tena. Wakifika dukani huambiwa, "Usijali, tutakuwekea Windows mbili, ukiwasha unachagua." Njia hiyo ipo na inafanya kazi, lakini kwangu ni ya tatu.

Kwanza jaribu bila kutoa hata shilingi. Omba kompyuta yenye Windows 11, weka programu yako, bonyeza ikoni yake kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia Properties, halafu Compatibility, na uchague Windows 7 au XP. Programu nyingi za biti 32, yaani za enzi ya XP na Windows 7, huamka hapo hapo. Zile za biti 16, za enzi ya Windows 3.1, haziamki kamwe, maana Windows 11 ni ya biti 64 tu. Za DOS, mfumo uliotangulia Windows, zina programu ya kuziendesha iitwayo DOSBox, nayo ni ya bure.

Ikigoma, chaguo langu la kwanza ni kompyuta mpya yenye nguvu ya kutosha kubeba kompyuta pepe. Unaweka programu ya bure iitwayo VirtualBox, na ndani yake unaweka Windows ya zamani ikaendeshwa kwenye dirisha kama programu nyingine. Windows 11 inabaki na intaneti na barua pepe zako, ile ya zamani unaikatia mtandao kabisa. Jambo hili la mtandao si la kupuuzwa: Microsoft iliacha kuitengenezea XP viraka vya usalama Aprili 2014, na Windows 7 Januari 2020.

Ninaipenda njia hii kwa sababu ya mji wetu. Hewa ya chumvi hula bodi za kompyuta, na stima ikikatika na kurudi kwa kishindo huunguza pawa saplai. Lakini kompyuta pepe nzima ni mafaili machache tu. Yanakili kwenye diski ya nje kila Ijumaa, na siku laptopu ikifa, unayafungua kwenye laptopu nyingine yenye VirtualBox na kuendelea na hesabu kuanzia nakala ya mwisho. Hakuna kutafuta draiva (programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa) wala kuweka programu yako ya zamani upya.

Ya kuangalia unaponunua: RAM ya GB 16. GB 8 inaweza kujikokota, kwa kuwa mifumo miwili inagawana kumbukumbu kwa wakati mmoja. Diski iwe SSD, ile ya kasi isiyozunguka, ya GB 512 ukiweza. Prosesa iwe ya Intel au AMD. Laptopu zenye prosesa ya Snapdragon zina betri nzuri ajabu, lakini si za kazi hii kwa kuwa prosesa yake ni ya aina tofauti na ile Windows za zamani zilizotengenezewa, na hivyo hivyo Mac zenye chipu za M zilizoanza mwaka 2020. Mwisho, hakikisha BIOS, yaani mipangilio inayofunguka kabla ya Windows kuwaka, inaruhusu kuwasha VT-x (Intel) au AMD-V (AMD), uwezo wa prosesa wa kubeba kompyuta pepe, kwani bila hiyo kompyuta pepe huwa nzito au haiwaki.

Udhaifu wake ni waya. Kijiti cha leseni cha USB, kile ambacho bila kukichomeka programu haifunguki, mara nyingi hukubali, lakini mashine ya kudarizi inayotumia tundu la pini 9, au ile kadi ya zamani inayochomekwa ndani ya kompyuta, inaweza kukusumbua wiki nzima.

Kwa wenye waya, basi, chaguo la pili ndilo la kwanza: nunua kompyuta ya mtumba kwa ajili ya mashine hiyo peke yake. Zile ziitwazo ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, ThinkPad au Latitude zenye Core i za kizazi cha pili au cha tatu, zilitoka wakati Windows 7 ndiyo iliyotawala, na draiva zake zipo. Deskitopu ni bora zaidi, maana nyingi bado zina lile tundu la pini 9 nyuma. Geuza kompyuta uangalie kibandiko cha leseni ya Windows. Kikiwa kimesagika namba hazisomeki, punguziwa bei au uache. Diski ya zamani inayozunguka itoe, uweke SSD. Usiiunganishe na intaneti, na kazi ihamishe kwa fleshi iliyochujwa virusi kwanza.

Windows mbili kwenye kompyuta moja ni ya tatu. Kwenye kompyuta mpya kabisa shida huanzia kwenye kuweka: Windows 7 haina draiva za USB 3.0 wala za NVMe, aina ya SSD za kisasa, kwa hiyo kibodi na mausi hufa mbele ya skrini ya kuchagua lugha, na diski haionekani. XP haijui UEFI, mfumo wa kuwashia uliochukua nafasi ya BIOS ya zamani, hata kidogo. Ukizima Secure Boot, ulinzi unaozuia mifumo isiyotambuliwa kuwaka, ili ya zamani iwake, Windows 11 ambayo diski yake imefungwa kwa kufuli la BitLocker yaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48, na wengi hawajui hata kama wanao. Yote hayo ni kabla hujafika kwenye kero ya kila siku: kila ukitaka kujibu mteja kwa barua pepe, unazima na kuwasha upya.

Inafaa pale programu inapohitaji nguvu zote za kompyuta na za kadi ya picha. Hapo chukua deskitopu ya kabla ya 2017 yenye nafasi ya diski mbili. Weka kila Windows kwenye diski yake, ukichomoa nyingine wakati wa kuweka, halafu uchague kwa kitufe cha menyu ya kuwashia, mara nyingi F12. Ukilazimika kutumia diski moja, tangulia na ya zamani, kisha mpya, na uzime Fast Startup, mpangilio wa Windows mpya wa kuwaka haraka.

Lolote utakalochagua, nenda dukani na diski ya programu, kijiti cha leseni na waya wenyewe. Omba vijaribiwe mbele yako hadi mashine ipokee kazi moja nzima, ndipo ulipe.