Meza ya pesa au mashindano?
Anayeanza poka mtandaoni hapa Kampala, mimi ningemwambia aanze na mashindano madogo. Kiingilio hulipwa mara moja. Ukifilisika, hicho ndicho ulichopoteza. Tatizo ni madau ya lazima: hupanda kila baada ya muda, na bando likikata yanaendelea kukatwa kwenye chipu zako.

Meza ya pesa, ambako kila chipu ni pesa yako halisi, haina haraka. Dau halipandi, unaondoka utakapo. Lakini hapo ndipo mtu huongeza pesa kwa simu usiku wa manane, akingoja jozi ya ree kwenye karata zake mbili za mwanzo, ambayo kwa wastani huja mara 1 katika migawo 221!

Wa chini ya miaka 25 asiguse yote mawili; sheria ya Uganda ya 2016 inamkataza.