Kula Kipawa kabla ya kuruka: supu, wali au chipsi mayai?

Jengo la Tatu la Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, lililoanza kazi 2019, ni zuri kwa kila kitu isipokuwa tumbo. Sambusa ya kabatini na kahawa havikosekani, ila unalipia bei ya uwanjani. Chakula chenyewe cha Dar kiko nje, Barabara ya Nyerere, kuanzia Kipawa hadi Banana. Kwa safari ya nje ya nchi, hesabu uwe umemaliza kula na kunawa mikono saa nne kabla ya ndege kuruka, maana kaunta inataka uwahi saa tatu kabla, na foleni ya barabara hii haitabiriki hata baada ya daraja la juu la TAZARA kufunguliwa.

Uchague nini? Inategemea saa. Alfajiri hadi saa tatu asubuhi ni supu ya ng'ombe na chapati. Agiza nyama ya kawaida badala ya utumbo, kamua ndimu, na mchuzi usiumalize: ukishafungwa mkanda kwenye kiti cha dirishani, choo kiko mbali. Baada ya saa nne supu nyingi imeshaongezwa maji, achana nayo.

Mchana ni zamu ya mama ntilie. Wahi saa sita hadi saa saba na nusu. Kufika saa nane samaki mzuri ameisha na kilichobaki ni mkia. Wali samaki au ndizi nyama ndiyo sahani za msafiri. Maharage ni matamu na ni rahisi, lakini yaache siku hiyo, pamoja na kabichi na soda. Hewa ya ndani ya ndege ikiwa angani ni nyepesi kama ya mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400, yaani kama umetolewa Dar ukapandishwa ghafla juu kuliko Mbeya mjini. Gesi ya tumboni inapanuka kwa robo hadi theluthi, na jirani yako hana pa kukimbilia.

Usiku, wakati ndege nyingi za mbali zinaondoka, kinachobaki ni chipsi mayai na mishkaki. Hapa ndipo watu wanapoumia. Chipsi zilizolala kwenye kioo tangu jioni hunywa mafuta mara ya pili zikirudishwa kikaangoni, na kiungulia hukupata kabla hujapita uhamiaji. Mwambie akukaangie mpya. Itachukua kama robo saa. Tazama mafuta: yakiwa meusi na yanatoa moshi, nenda kibanda cha pili. Mayai mawili yanatosha, yapigwe vizuri, na zege, yaani hizo chipsi mayai zenyewe, ligeuzwe kwa sahani mpaka pande zote zikauke. Yai likiwa bado linateleza katikati, rudisha motoni bila aibu. Kachumbari iruke kama imekatwa zamani. Utaijua kwa nyanya zilizoelea kwenye maji yake.

Malipo ni pesa taslimu au kwa simu, lakini beba noti ndogo. Chenji ya elfu kumi usiku ni mtihani. Mizigo iweke miguuni, si nyuma ya kiti.

Cha kubeba ni chapati, maandazi au kashata. Pilipili ya chupa inayozidi mililita 100, iwe ya dukani au ya nyumbani, itabaki kwenye ukaguzi. Iweke kwenye begi la kukabidhi, ndani ya mfuko uliofungwa mara mbili.