Nauli yenye begi ndani, au nauli tupu na ada juu yake?

Kampuni inayosafirisha wafanyakazi wake kwa ndege, tuseme kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, ina njia mbili: nauli tupu, ambayo begi na huduma nyingine hulipiwa kando, au nauli ya furushi, yenye begi na kubadili tarehe ndani yake.

Nauli tupu huvutia siku ya kukata tiketi. Shida huja baadaye. Begi likilipiwa kaunta ya uwanjani, ada mara nyingi huwa kubwa kuliko ya mtandaoni, na taarifa ya kadi huonyesha jina la shirika na jumla tu: mhasibu hajui kama ni begi, kiti au kubadili tarehe. Ndiyo maana risiti ya EMD, hati ya kielektroniki ya huduma za ziada, ni lazima idaiwe. Ile ya EMD-A huunganishwa na tiketi yenyewe, hivyo gharama za safari moja husomeka pamoja.

Nauli ya furushi ni ghali mwanzoni. Piga hesabu kabla ya kuikataa: chukulia inazidi nauli tupu kwa shilingi 60,000, ada ya begi ni 40,000, na ya kubadili tarehe 100,000. Anayebeba begi kila safari na kubadili tarehe safari moja kati ya nne angelipa kwa nauli tupu wastani wa 65,000 za ada kila safari, hivyo furushi linashinda. Asipobadili kamwe, furushi linampotezea 20,000. Angalia pia masharti: mara nyingi ada ya kubadili husamehewa, lakini tofauti ya nauli bado hulipwa.

Kwa hiyo wape furushi mafundi wenye vifaa wanaosafiri kwa ratiba isiyotulia. Anayekwenda mkutano wa siku moja anatosheka na nauli tupu.