Kauntasinki za tundu la mshazari kwenye shiti nyembamba: seti ya vipande vinne

Kwa anayetengeneza maboksi ya umeme, paneli au mabano ya shiti, seti hii ya kauntasinki, yaani biti za kupanua mdomo wa tundu ili kichwa cha skrubu kizame, ni bora kuliko biti ya meno matatu. Ina vipande vinne vya HSS (chuma kigumu cha kutengenezea biti): 2–5, 5–10, 10–15 na 15–20 mm. Kila kimoja ni koni iliyotobolewa tundu moja la mshazari, na ukingo wa tundu hilo ndio unaokata.

Shiti nyembamba hunesa. Ukitumia meno matatu, jino moja linauma, shiti inapanda, la pili linagonga, na tundu linatoka na pembepembe badala ya duara. Koni ya tundu la mshazari hukata kwa ukingo mmoja huku mwili wake uliobaki ukiegemea ukuta uliokwisha kukatwa, hivyo haitetemeki ovyo. Kinachobaki ni uso laini usio na ncha kali za kuchana vidole.

Namba za saizi ndizo zinazowachanganya wengi. 5–10 maana yake ukingo unakata kuanzia kipenyo cha 5 mm hadi 10 mm tu. Skrubu ya M4 (ya kipenyo cha 4 mm) inahitaji tundu la 4.5 mm, lipanuliwe juu hadi kama 9.4 mm. Ukianza moja kwa moja na 5–10, chuma kizima cha koni kinasugua mdomo wa tundu, joto linapanda, na utadhani biti ni butu. Fungua kwanza kwa 2–5, kisha malizia kwa 5–10. M3 nayo ni vivyo hivyo: tundu la 3.4, mdomo wa 6.3.

Kabla ya kununua, pima shiti yenyewe. Kwa koni ya nyuzi 90, kina ni kipenyo cha juu kutoa cha tundu, gawanya kwa mbili: M3 inakula karibu 1.5 mm, M4 karibu 2.5 mm. Kwa hiyo geji 16, yenye takriban 1.5 mm, M3 inaimaliza yote na kuacha ukingo mkali kama wembe, ambao utapasuka skrubu ikikazwa. M3 ipewe angalau 2 mm, M4 angalau 3 mm. Chini ya hapo hakuna biti itakayokuokoa. Badala yake, bonyeza shiti kwa daisi (kalibu ya kubonyeza chuma) ili kichwa kizame.

Tumia drili ya mezani yenye kizuizi cha kina. Weka ubao mgumu chini, bana shiti kwa klempu karibu na tundu, na uzungushe polepole: mizunguko 300 hivi kwa dakika kwa chuma laini na kipande cha 5–10, nusu yake kwa stenlesi. Kandamiza bila kusitasita, kwa sababu stenlesi ikisuguliwa bila kukatwa inakuwa ngumu zaidi. Chuma kipewe mafuta ya kukatia, alumini mafuta ya taa, maana alumini hupenda kunata. Toa biti mara kwa mara usafishe tundu lake. Likijaa machicha, linaacha kukata.

Hakikisha imeandikwa 90°. Ziko za 82° kwa skrubu za Kimarekani, na kichwa cha nyuzi 90 kwenye tundu lililokatwa nazo hugusa ukingo wa juu tu.

Udhaifu wake ni kunoa: ukingo uko ndani ya tundu, na jiwe la kawaida halifiki. Ukifanya stenlesi kila siku, kipande cha 5–10 ndicho kitakachokufa kwanza, basi kinunue cha ziada peke yake.